Urithi Kwanza au Dirisha Kwanza? Mjadala kuhusu Kufundisha Java Mazimbu

Katika ufundishaji wa lugha ya Java kwa wanaoanza kuna swali ambalo walimu wa programu wamelijadili kwa miaka mingi bila kulimaliza: je, mwanafunzi afundishwe kwanza urithi wa klasi, kisha ndipo aonyeshwe namna ya kutengeneza dirisha lenye vitufe na visanduku vya maandishi, au aanze na dirisha analoliona kwa macho, kisha arudi kuichunguza misingi iliyolisimamisha? Swali hili lina uzito wa pekee Mazimbu, pembezoni mwa mji wa Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaani SUA, kina Kampasi ya Solomon Mahlangu, na ambako shahada ya kwanza ya informatiki hufundishwa ndani ya chuo ambacho kazi yake kubwa tangu kilipoanzishwa mwaka 1984 ni kilimo, mifugo na misitu. Kampasi hiyo ilijengwa na chama cha ANC cha Afrika Kusini, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali ya Tanzania, kwa ajili ya shule iliyoanza mwaka 1978 na kujulikana kwa kifupi kama SOMAFCO, ambayo wanafunzi wake walisoma huku wakishiriki kazi za shamba na za karakana, na ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Mahali penye historia ya namna hiyo, swali la mpangilio wa masomo huwa pia ni swali la kazi ambayo elimu hiyo itakwenda kuifanya.

Yapo maneno manne yanayopaswa kueleweka kabla ya hoja kuanza. Klasi ni maelezo yanayoandikwa mara moja kuhusu aina fulani ya vitu, yakitaja taarifa ambazo kila kimoja kitabeba na kazi ambazo kila kimoja kitaweza kufanya, kazi hizo zikiitwa methodi. Objekti ni kitu kimoja mahususi kinachoundwa kutokana na maelezo hayo wakati programu inapoendeshwa. Urithi ni uhusiano ambao kwa huo klasi moja, inayoitwa klasi mtoto, hupokea taarifa na methodi za klasi nyingine, yaani klasi mzazi, kisha ikaongeza za kwake au ikabadilisha baadhi ya ilizopewa. Katika Java uhusiano huo hutangazwa kwa neno extends. Kiolesura cha picha ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa: dirisha, kitufe, kisanduku cha kuandikia na lebo ya kuonyeshea jibu. Sauti zinazofuata hazimwakilishi mtu yeyote mahususi. Kila moja inabeba msimamo mmoja, ili msimamo huo usikike kwa ukamilifu kabla ya kupimwa.

Mtetezi wa misingi. Urithi ulitangulia dirisha, na haukubuniwa kwa ajili ya kupamba skrini. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walioibuni lugha ya Simula 67 katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei mjini Oslo, walikuwa wakitafuta namna ya kuiga ndani ya kompyuta shughuli za ulimwengu halisi, wakabaini kwamba vitu vingi vinavyoigwa vina sehemu zinazofanana ambazo hakuna sababu ya kuziandika upya kila mara. Kazi hiyo ndiyo iliyowapatia Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995 baada ya kazi iliyoongozwa na James Gosling, ililipokea wazo hilo likiwa limekwisha kukomaa. Basi mwanafunzi wa Mazimbu naye aanze na ulimwengu unaomzunguka. Aandike klasi Mfugo yenye namba ya hereni, uzito na methodi iitwayo kadirioLaLishe, kisha aandike klasi Ngombe na klasi Mbuzi zinazoirithi, majina yakiandikwa bila ritifaa kwa kuwa Java haiiruhusu ndani ya jina. Kwa kanuni ya kukadiria, ng'ombe wa maziwa hula kwa siku chakula kikavu, yaani malisho yaliyopimwa baada ya kuondoa uzito wa maji, kinachokaribia asilimia 3 ya uzito wake. Kwa zoezi la darasani mbuzi wa maziwa anaweza kupewa asilimia 4. Ng'ombe wa kilo 400 atahesabiwa kilo 12, na mbuzi wa kilo 40 atahesabiwa kilo 1.6. Programu itapita kwenye orodha moja ya mifugo, itatoa wito uleule kwa kila objekti, na kila objekti itajibu kwa kanuni ya klasi yake. Hapo ndipo kiini cha urithi kilipo, na hakikuhitaji kitufe hata kimoja.

Mtetezi wa dirisha. Mfano huo ni mzuri, Mwalimu, lakini mwanafunzi anayeutazama anaona tarakimu mbili kwenye skrini nyeusi na hana njia ya kutofautisha kazi ya urithi na kazi ya kikokotoo cha kawaida. Inafaa kukumbuka anatoka wapi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hiyo wazazi wengi wa wanafunzi wa leo walimaliza shule bila kuigusa mashine hiyo. Vijana wao wanafika chuoni wakiwa wameizoea simu ya kugusa, na kwao programu ni kitu kinachobonyezwa kikaitika. Mwanafunzi wa namna hiyo akiandika mstari mmoja tu unaotangaza kwamba klasi DirishaLaLishe extends JFrame, kisha akaunda objekti yake, akaipa ukubwa na kuiamuru ionekane, anapata dirisha linalosogezwa, linalopunguzwa, linalokuzwa na linalofungwa, ilhali hakuandika msimbo wowote wa kusogeza wala wa kufunga. Mwalimu anaweza kumuuliza hapohapo: uwezo huo umetoka wapi? Jibu limo katika ukoo wa klasi yenyewe, kwa sababu JFrame inairithi Frame, Frame inairithi Window, Window inairithi Container, Container inairithi Component, na Component inairithi Object, ambayo ndiyo mzizi wa klasi zote za Java. Katika ukoo huo kuna hatua mbili za historia: vifaa vya AWT vilivyokuja na Java ya kwanza, ambavyo huazima vitufe na madirisha ya mfumo endeshi wa kompyuta, na vifaa vya Swing vilivyoingizwa rasmi mwaka 1998, ambavyo kwa sehemu kubwa hujichora vyenyewe. Mwanafunzi anayelisogeza dirisha lake kwa kipanya ameuona urithi ukifanya kazi.

Mtetezi wa misingi. Ameyaona matokeo, Mwalimu, na huenda akajifunza maana isiyo sahihi. Atadhani kwamba extends ni neno la kuombea vitu vya bure, ilhali urithi unatangaza ukweli kuhusu aina: kila ng'ombe ni mfugo, na popote panapotakiwa mfugo, ng'ombe anafaa. Vifaa vya Swing vyenyewe ni shahidi wa hatari hiyo. Klasi JButton, ambayo ndiyo kitufe, inairithi AbstractButton, inayoirithi JComponent, na JComponent inairithi Container, yaani klasi ya vyombo vinavyobeba vitu vingine. Matokeo yake ni kwamba kila kitufe kina methodi add, na mwanafunzi akiandika msimbo wa kuingiza kitufe ndani ya kitufe, kompaila, yaani programu inayoukagua msimbo na kuutafsiri, itaukubali bila kulalamika. Zaidi ya hapo, dirisha huja na mambo yake yanayomeza muda wa somo. Mwanafunzi huweka vitufe vitano kwenye JFrame na huona kimoja tu, cha mwisho, kwa sababu mpangilio wa kawaida wa dirisha hilo ni BorderLayout, ambao hukipeleka katikati kila kitu kisichotajiwa upande wake, na katikati huonekana kitu kimoja tu, kile kilichowekwa mwisho. Kipindi kizima cha maabara kinaishia kwenye kutafuta vitufe vilivyopotea, na neno urithi halitajwi tena. Mchelea mwana kulia hulia yeye: mwanafunzi anayeepushwa ugumu wa misingi mwanzoni ataukuta ugumu huohuo kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, wakati ambao hakuna wa kumshika mkono.

Mwanafunzi. Kwa heshima zote, walimu, mwanafunzi naye ana ushahidi wake. Mara nyingi dirisha hufundisha urithi pale linapokataa kufanya kazi. Chukueni zoezi la kuchora grafu ya maziwa yaliyokamuliwa kila siku: mwanafunzi anaandika klasi inayoirithi JPanel, ambayo ni ubao wa kuchorea, na anakusudia kubadilisha methodi paintComponent aliyoipata kwa mzazi, lakini anaandika paintcomponent, herufi c ikiwa ndogo. Kompaila haimwonyeshi kosa lolote. Dirisha linafunguka likiwa tupu, na kila anachokikagua kwenye hesabu zake kiko sawa. Kwa Java hilo si kosa, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo ni tofauti, na kwa hiyo klasi imepata methodi mpya isiyoitwa na yeyote, huku ile ya mzazi ikiendelea kuitwa kama zamani. Siku anapoelekezwa kuweka juu ya methodi hiyo alama ya @Override, iliyoingizwa katika Java mwaka 2004, kompaila inakataa mara moja na kueleza kwamba hakuna methodi ya mzazi yenye jina hilo. Kuanzia hapo anaelewa kwamba kurithi ni jambo moja na kubadilisha alichorithi ni jambo jingine, na kwamba mabadiliko hayo yana masharti. Anapoendelea na kusahau kuita super.paintComponent, yaani kumwachia mzazi afanye sehemu yake kwanza, mabaki ya michoro iliyotangulia yanaweza kubaki chini ya mpya, na anajifunza kwamba mtoto anaweza kuongeza juu ya kazi ya mzazi bila kuifuta. Mambo haya yapo kwenye vitabu, lakini vitabu hivyo viko kwa Kiingereza, lugha ambayo mwanafunzi hufundishwa nayo tangu sekondari na ambayo wengi bado hawaitumii wanapofikiri kwa haraka. Dirisha tupu halihitaji kutafsiriwa.

Mtetezi wa misingi. Hoja hiyo ina nguvu, na inafungua mlango wa jambo ambalo dirisha linalifundisha vizuri kuliko mifugo. Katika jamii ya Waluguru, ambao milima yao inaonekana kutoka Mazimbu, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na ukoo huo ni mmoja tu, ingawa uhusiano wake na upande wa baba unatambuliwa na ana wajibu kwa watu wengi nje ya ukoo. Java nayo huiruhusu klasi kuwa na klasi mzazi moja tu, lakini huiruhusu kuahidi wajibu mwingi kwa njia ya mikataba, ambayo klasi huitangaza kwa neno implements. Mkataba katika maana hii ni orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuzitekeleza, kila klasi kwa namna yake. Ulinganisho huo una mpaka, kwa maana shamba la ukoo hugawanywa na likaweza kupungua, ilhali klasi mzazi haipungukiwi chochote hata ikirithiwa na klasi elfu. Kitufe ndicho kinachoyafanya haya yaonekane: anayetaka kusikia kitufe kinapobonyezwa anatakiwa kutimiza mkataba uitwao ActionListener, wenye methodi moja tu, actionPerformed, na hakuna sharti la kuwa wa ukoo wa kitufe. Tangu Java 8 ya mwaka 2014, mkataba wenye methodi moja kama huo unaweza kutimizwa kwa maelezo mafupi yanayoandikwa palepale, bila kutunga klasi nzima.

Msanidi wa mifumo. Waheshimiwa walimu, mjadala huu utapungukiwa iwapo hautauliza madirisha haya yanadumu kwa muda gani. Swing ilifuatwa na JavaFX, na JavaFX yenyewe iliondolewa kwenye kifurushi kikuu cha Java mwaka 2018 ikawa ya kupakuliwa kando. Kwenye simu za Android, skrini ilikuwa klasi inayomrithi mzazi aitwaye Activity, kisha mwaka 2021 ukakamilika mtindo wa Compose, unaozijenga skrini kwa funksheni ndogondogo na kuuacha urithi kwa sehemu kubwa. Mfumo ulioweka kanuni ya lishe ndani ya methodi ya kitufe utakufa pamoja na kitufe hicho. Mfano ulio karibu ni DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumiwa Tanzania na katika nchi nyingine nyingi. Unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, katika mji uleule ilikozaliwa Simula, ukitokana na mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa washiriki wake. Kiini chake kimeandikwa kwa Java na kinakaa kwenye seva, ilhali mtumiaji anaufungua kwa kivinjari cha intaneti na haoni dirisha lolote la Swing. SUA kwenyewe, kituo cha SACIDS kinachoshughulikia ufuatiliaji wa magonjwa ya watu na wanyama kimesimamia AfyaData, ambayo hukusanya taarifa kwa simu za Android. Tena wako wafugaji wengi wenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, wanaojua kiolesura kimoja tu, ile orodha ya maandishi inayofunguka baada ya kupiga namba kama *150*00#. Klasi Mfugo inapaswa kuwahudumia wote hao bila kujua nani anaiita. Ndiyo maana wataalamu wa usanifu, kuanzia Erich Gamma na wenzake watatu mwaka 1994 hadi Joshua Bloch mwaka 2001, wamehimiza umiliki mahali pa urithi kila inapowezekana, yaani DirishaLaLishe iwe na JFrame ndani yake, kuliko kutangaza kwamba yenyewe ni JFrame.

Mtetezi wa dirisha. Ushauri huo unakubalika, lakini mwanafunzi ambaye hajawahi kurithi JFrame hataelewa anaepushwa nini. Jambo jingine ni kwamba msanidi amezungumza kana kwamba dirisha ni ganda la nje tu. Dirisha ndipo programu inapokutana na mtu. Mfugaji akiandika 400kg kwenye kisanduku cha uzito, methodi ya kugeuza maandishi kuwa namba itashindwa, na kosa liitwalo NumberFormatException litamwagika kwenye kumbukumbu za programu huku mfugaji akiona kitufe kisichojibu. Mwanafunzi anapaswa kulidaka kosa hilo na kumwambia mtumiaji kwa Kiswahili cha kueleweka aandike uzito kwa tarakimu tu, bila neno kilo. Vivyo hivyo, visanduku vya ujumbe vya Swing huja na vitufe vya Kiingereza, lakini maandishi yake yanaweza kubadilishwa mara moja kwa programu nzima kupitia klasi UIManager, ili palipoandikwa Cancel pasomeke Ghairi. Kazi hii ni sehemu ya taaluma, na mwanafunzi asiyeifanya amemwachia mfugaji mzigo usiomhusu.

Mtetezi wa misingi. Basi uwepo mtihani mmoja utakaozipima pande zote. Programu ikishakamilika ikiwa na ng'ombe na mbuzi, mwanafunzi aagizwe kumwongeza kondoo. Kama ataandika klasi Kondoo, akaitaja mahali pamoja ambapo aina za mifugo zimeorodheshwa, na dirisha likaionyesha kwenye orodha ya kuchagua bila kuguswa, huyo ameuelewa urithi. Kama atalazimika kuingia kwenye methodi ya kitufe na kuongeza sharti jingine linalouliza iwapo aina iliyochaguliwa ni kondoo, basi neno extends lilikuwa kwenye msimbo wake lakini halikuwa kwenye fikra zake.

Zikipimwa pamoja, sauti hizi zinapingana kuhusu mahali pa kuanzia lakini hazipingani kuhusu mahali pa kufika, na hilo linatoa mwanga wa kutosha kuhusu mpangilio unaofaa. Dirisha dogo litangulie, likirithi JFrame waziwazi, kwa sababu linampa mwanafunzi kitu cha kuulizia maswali. Lakini lisipewe muda wa kuwa somo lenyewe, na suala la mipangilio ya vitufe liahirishwe hadi lihitajike. Klasi za mwanafunzi mwenyewe zifuate mara moja, ili aone tofauti kati ya kurithi kazi ya mtu asiyemfahamu na kubuni mzazi ambaye watoto wake bado hawajazaliwa, jambo la pili likiwa gumu zaidi na lenye thamani zaidi. Mikataba ifundishwe kwa kitufe, na kubadilisha methodi kufundishwe kwa ubao wa kuchorea, pamoja na lile kosa la herufi moja likifanywa kwa makusudi mbele ya darasa. Mwishoni dirisha la kwanza livunjwe na kujengwa upya kwa umiliki, na kiini kilekile cha hesabu kipewe uso wa pili wa maandishi matupu, ili mwanafunzi athibitishe kwa kazi yake kwamba kanuni ya lishe haikuwa mali ya dirisha.

Mazimbu ina nafasi ambayo vyuo vingi vya kompyuta havina, kwa kuwa anayejifunza Java yuko chuo kimoja na anayejifunza lishe ya mifugo na tiba ya wanyama. Zoezi la Mfugo linaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa lishe aikosoe ile asilimia 3, aeleze kwamba ng'ombe anayekamuliwa sana na aliyekaushwa hawali sawa, na hivyo kuilazimisha klasi Ngombe iwe na watoto wake. Mabadiliko yanayoletwa na mjuzi wa fani nyingine ndiyo kipimo halisi cha msimbo, na ndiyo yatakayomkuta mhitimu siku ya kwanza kazini. Walimu waendelee kutofautiana kuhusu somo la kwanza, ilimradi somo la mwisho liwe ni kuipokea taarifa mpya kutoka zizini na kuiingiza kwenye programu bila kuibomoa.